Siku kumi bila mionzi: kisa cha mgonjwa aliyesubiri "moto upoe"

Kisa hiki ni cha mgonjwa wa saratani ya koo niliyemtibu kwa mionzi mimi mwenyewe. Jina, kazi, mahali na tarehe nimeviondoa, na umri nimeuacha kwa makadirio. Mwenyewe aliridhia kitumike kufundishia, kwa sharti moja: nisiandike kwamba alitoroka matibabu. Sharti lake ni la haki. Hakutoroka. Alifuata hoja yenye mantiki kamili, ila ilisimama juu ya neno bovu, na neno hilo alilisikia kutoka kinywani mwangu.

Usuli

Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu. Nitamwita Mzee, kama tulivyomwita wote pale kitengoni. Sauti ilimkwama kwa miezi mitano huku akitibiwa kikohozi, kisha kiungulia, kisha kikohozi tena. Baadaye kumeza kukaanza kumuuma hadi sikioni. Maumivu ya sikio ambayo chanzo chake ni koo ni dalili inayopuuzwa mno. Sikio likikaguliwa na kuonekana zima, mgonjwa hurudishwa nyumbani wakati ugonjwa uko chini kidogo tu, kooni, na maumivu yanapanda kupitia neva inayohudumia sehemu zote mbili. Alikuwa amevuta sigara kwa zaidi ya miaka thelathini na aliacha siku alipoona damu kwenye makohozi.

Kamera iliyopitishwa puani ilionyesha uvimbe kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na uzi wa sauti wa kushoto ulikuwa hauchezi tena. Kipande kilichopelekwa maabara kilithibitisha saratani ya seli bapa. Skani ilionyesha tezi moja ya shingo iliyovimba upande uleule, chini ya sentimita 3. Mapafu na ini vilikuwa safi. Kwa vipimo hivyo ugonjwa ulikuwa hatua ya tatu: umekomaa mahali pake, lakini haujasambaa mbali, na bado tulikuwa na haki ya kutafuta kuponya kabisa.

Uamuzi wa kwanza: kisu au mionzi

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa kuondoa zoloto yote, na mgonjwa kupumulia tundu shingoni maisha yake yote yaliyobaki. Ya pili ni mionzi pamoja na sisplatini, dawa inayoua seli za saratani, kwa lengo la kuua uvimbe na kukiacha kisanduku cha sauti mahali pake. Njia hii ya pili si bahati nasibu. Mwaka 1991 utafiti uliofanywa Marekani kwa wanajeshi wastaafu ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa dawa na mionzi waliishi sawa na waliopasuliwa kwanza, na takriban theluthi mbili yao walibaki na zoloto zao.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, kama kuna njia ya kubaki na sauti yangu, nipe hiyo, hata iwe ndefu."

Tukapanga grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), zigawanywe mara 35: grei 2 kila siku, siku tano kwa wiki, wiki saba. Sisplatini ingetolewa kwa dripu mara moja kila wiki. Kabla ya kuanza aling'olewa meno mawili yaliyooza na tukangoja fizi zipone, kwa sababu mfupa wa taya uliopita kwenye mionzi hupona kwa shida sana ukijeruhiwa baadaye. Akatengenezewa barakoa ya plastiki, ile inayolainishwa kwenye maji ya moto na kufinyangwa juu ya uso na mabega ili shingo ilale mahali palepale kila siku. Akapigwa skani akiwa ameivaa, na juu ya picha hizo tukachora uvimbe, tezi, njia ambazo ugonjwa hupenda kupitia, na viungo vya kulindwa: ugwe wa neva ndani ya uti wa mgongo, tezi za mate na taya.

Siku ya kusaini fomu ya ridhaa nilimweleza haya yote. Nikamaliza kwa sentensi ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi: "Kwa hiyo Mzee, utachomwa mionzi mara thelathini na tano."

Mionzi hufanya nini hasa ndani ya uvimbe

Hapa nitakaa kidogo, maana bila sehemu hii kisa chote hakieleweki.

Grei 1 ni nishati ya joule 1 kuingia katika kilo 1 ya mwili. Ukiipima kwa joto, ni kama hakuna kitu. Grei 2 za siku moja hupandisha joto la nyama kwa sehemu tano hivi za elfu kumi za digrii moja ya selsiasi. Hata grei zote 70 zikiingia kwa mkupuo zisingefikisha sehemu mbili za mia za digrii. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine hahisi chochote, na hahisi kwa sababu hakuna moto wowote. Mionzi haichomi. Inakata.

Inakata namna hii. Mashine inarusha fotoni zenye nguvu kubwa, nazo zikipita mwilini zinang'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Elektroni hizo zinakimbia ndani ya seli. Baadhi zinaugonga moja kwa moja uzi wa DNA, lakini kazi kubwa zaidi, kama theluthi mbili, inapitia kwenye maji, kwa sababu seli kwa sehemu kubwa ni maji. Molekuli ya maji ikivunjwa hutoa kipande chenye uchu wa kemikali kinachodumu kwa muda mfupi kupita maelezo, na kikizaliwa jirani na DNA kinaikata. Kwa kila grei 1, seli moja hupata mikato kama 1,000 ya uzi mmoja wa DNA, na mikato kama 40 inayopita nyuzi zote mbili kwa pamoja. Ile elfu hurekebishwa kwa urahisi, kwa kuwa uzi wa pili uliobaki mzima hutumika kama kielelezo. Ile arobaini ndiyo inayoua.

Tena haiui papo hapo. Seli nyingi zilizokatwa huendelea kuishi kama kawaida mpaka zinapojaribu kugawanyika. Hapo ndipo kromosomu zilizoungwa vibaya zinashindwa kuachana na seli inakufa. Ndiyo maana uvimbe haupungui siku ya kwanza wala ya tatu, na ndiyo maana unaendelea kupungua wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa.

Kwa nini kugawanya mara 35? Mwanzoni, baada ya Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, madaktari wengi walijaribu kutoa dozi kubwa mara chache, na ngozi na nyama za wagonjwa ziliharibika vibaya. Huko Paris, Claudius Regaud alionyesha kwa kondoo dume kwamba dozi moja kubwa haikuweza kuwaondolea uzazi bila kuharibu ngozi ya korodani, ilhali dozi iliyogawanywa kwa siku kadhaa iliweza, na ngozi ikabaki. Mwenzake Henri Coutard akaipeleka hoja hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo, na wakaanza kupona watu ambao zamani hawakuwa na tumaini. Kati ya dozi moja na nyingine seli nzima hurekebisha mikato yake vizuri kuliko seli nyingi za saratani. Pia sehemu za ndani za uvimbe zilizokosa oksijeni huanza kuipata kadiri seli za nje zinavyokufa, na hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu seli iliyokosa oksijeni huhitaji dozi mara mbili na nusu hadi tatu ili ife.

Sasa hesabu ya ubaoni, ambayo siku hizi namwandikia kila mgonjwa kwenye karatasi. Uvimbe wa sentimita 1 ya ujazo hukadiriwa kuwa na seli bilioni 1. Tuseme kila dozi ya grei 2 inaua nusu ya seli zilizopo. Baada ya siku ya kwanza zimebaki milioni 500, baada ya siku ya pili milioni 250. Baada ya dozi 19 zimebaki kama 1,900. Baada ya dozi 30, moja. Baada ya 35, uwezekano wa kubaki hata seli moja ni kama 3 kati ya 100. Saratani halisi haitii hesabu hii kwa usahihi huo, lakini umbo lake ni la kweli, na umbo hilo linasema jambo ambalo jicho haliwezi kuona: uvimbe hupotea machoni na mikononi mwa daktari mapema sana, wakati bado zimebaki maelfu ya seli, na nusu nzima ya pili ya matibabu inafanyika dhidi ya adui asiyeonekana.

Wiki nne za kwanza

Wiki mbili za mwanzo zilipita kimya. Wiki ya tatu mate yalianza kuwa mazito, chakula kikakosa ladha, na mdomo ukatoka vidonda. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi na kuanza kubanduka. Yote haya tuliyatarajia. Utando wa mdomo hujijenga upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo seli zake zinazogawanyika kwa haraka huumia mapema, na vidonda hutokea wiki ya pili au ya tatu na kuendelea kukua hadi mwisho. Tulimpa dawa za maumivu na maji ya chumvi ya kusukutua.

Wakati huohuo mambo mawili yalienda vizuri kiasi cha kudanganya. Tezi ya shingo, ambayo mwanzoni aliishika kila asubuhi, haikupapasika tena wiki ya nne. Na sauti ikaanza kurudi.

Fundi wa mashine aliyekuwa akimlaza kila siku aliniambia baadaye kwamba wiki ya tatu Mzee alimuuliza, "Binti yangu, leo mnachoma palepale au mnahamisha?" Akamjibu kwa upole kwamba ni palepale. Mzee akasema, "Palepale bila kuachia kipoe?" Foleni ilikuwa ndefu, mgonjwa mwingine alikwisha kuitwa, na swali lile likaishia mlangoni. Hakuna aliyeliandika kwenye faili. Nami katika ukaguzi wa kila wiki niliangalia vidonda, uzito na damu, nikauliza maumivu ni kiasi gani, sikuuliza anafikiri nini.

Alhamisi ya wiki ya nne alipata dozi ya 19. Ijumaa hakuonekana.

Siku kumi

Ijumaa ile fundi aliandika "hakufika" na kudhani ni homa. Jumatatu ikaandikwa vilevile. Jumanne muuguzi alipiga simu. Namba iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa ya kijana wake, aliyekuwa safarini na hakupatikana. Alhamisi ndipo nilipojulishwa. Jioni ile tulimpata jirani ambaye jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya usafiri, na Ijumaa nikazungumza na Mzee kwa simu.

Hakuwa na hasira wala woga. Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa taarifa njema. Vidonda vya mdomo vilikuwa vinafunga. Ngozi ya shingo ilikuwa inakauka. "Dokta, mtu akiungua mnamwacha apone kwanza, hamumwagii maji ya moto juu ya lengelenge. Nimeacha moto upoe kidogo, halafu nitakuja mmalizie. Na uvimbe wenyewe umeshakwisha, nashika siuoni."

Nilikaa na simu mkononi. Kila alichosema kilikuwa na ushahidi. Vidonda kweli vilikuwa vinapona, na uvimbe kweli haukushikika.

Alichokosa kujua, kwa sababu sikumwambia, ni kwamba kilichokuwa kinafunga vidonda vyake kilikuwa kinatokea pia ndani ya uvimbe. Utando wa mdomo ukijeruhiwa, seli zake zilizobaki huongeza kasi ya kugawanyika ili kuziba pengo. Saratani ya seli bapa inatokana na utando wa namna hiyohiyo na haijasahau ufundi huo. Mwaka 1988 Rodney Withers na wenzake waliyapitia matokeo ya wagonjwa wengi wa saratani za kichwa na shingo na kuonyesha kwamba baada ya wiki nne hivi za matibabu, seli za saratani zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi mpya, kiasi kwamba kila siku inayoongezeka huhitaji kama grei 0.6 za ziada ili kufidia tu. Mzee alisimama wiki ya nne, mwanzoni kabisa mwa kipindi hicho.

Turudi kwenye ubao. Zilikuwa zimebaki seli 1,900. Zikiongezeka maradufu kila baada ya siku nne, siku kumi zinazifanya zipite 10,000. Kwenye kioo aliona mdomo unapona, na mkono haukushika kitu chochote shingoni.

Kurudi, na maamuzi matatu

Jumatatu ya wiki ya sita alikuja, na kijana wake akiwa naye. Alikuwa amekosa dozi sita. Uzito ulishuka kutoka kilo 64 hadi 57, na kipimo cha figo kilikuwa kimepanda kwa sababu ya kukosa maji mwilini.

Uamuzi wa kwanza ulihusu barakoa. Shingo ilikuwa imekonda na barakoa inacheza. Kanuni nzuri ni kutengeneza mpya, kupiga skani mpya na kupanga upya dozi, kazi ya siku mbili. Je, tungoje siku mbili nyingine? Mtaalamu wa fizikia alichukua picha za siku hiyo zilizopigwa na mashine yenyewe, akahesabu dozi ya ugwe wa mgongo kwa mpango wa zamani juu ya shingo iliyokonda, na akatuambia bado iko ndani ya mpaka tuliojiwekea. Tukaamua kumtibu Jumatatu na Jumanne kwa mpango wa zamani, kwa picha kila siku, huku mpango mpya ukiandaliwa. Jumatano tukahamia mpya.

Uamuzi wa pili ulikuwa namna ya kufidia. Zilibaki dozi 16. Tungeendelea kwa mwendo wa kawaida tungemaliza siku kumi baada ya tarehe iliyopangwa. Kuongeza ukubwa wa kila dozi kulitushawishi kwa urahisi wake, tukakataa: dozi kubwa kwa mara moja huumiza zaidi tishu zinazopona polepole, kama ugwe wa neva na gegedu, na madhara yake hujitokeza miezi au miaka baadaye. Tulichagua kuongeza mara badala ya ukubwa. Jumamosi ikawa siku ya matibabu, na Jumatano alitibiwa mara mbili, asubuhi na jioni, kwa pengo lisilopungua saa sita ili seli nzima zipate muda wa kurekebisha mikato ya asubuhi. Hivyo dozi saba kwa wiki kwa wiki mbili, kisha mbili za mwisho. Tulikuwa na sababu ya kuamini mwendo wa kasi: utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha dozi sita kwa wiki na tano kwa wiki, jumla ikiwa sawa, na udhibiti wa uvimbe baada ya miaka mitano ulikuwa asilimia 70 dhidi ya 60.

Uamuzi wa tatu ulituuma. Sisplatini huumiza figo, na figo zake zilikuwa hazina nafasi. Alikuwa amepata dozi nne za kila wiki. Tukaisimamisha moja kwa moja.

Siku hiyohiyo aliwekewa mpira wa kulishia puani na kuanzishiwa mofini ya maji. Na nikakaa naye na karatasi. Nikamwandikia bilioni moja juu, nikaigawanya kwa mbili, tena, tena, hadi dozi ya 19. Akaitazama ile 1,900 kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule: "Na hizi siku nilizokaa nyumbani, unagawanya au unazidisha?"

Nikamwambia tunazidisha. Hakukosa tena hata mara moja. Jumatano zile mbili alikaa kwenye benchi la ukumbini saa sita nzima akingoja dozi ya jioni.

Matokeo

Alimaliza dozi ya 35 Jumanne ya wiki ya nane, siku nne tu baada ya tarehe ya awali. Vidonda vya mdomo vilifikia kiwango kibaya cha kushindwa kumeza hata mate, na vilizidi kuwa vibaya wiki mbili zaidi baada ya matibabu kwisha. Safari hii alikuwa ameambiwa mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa, akavumilia akijua ni mlima wenye kilele. Wiki ya tano vilikuwa vimefunga, na mpira ukatolewa wiki ya nane.

Baada ya miezi mitatu kamera haikuona uvimbe, uzi wa sauti wa kushoto ulikuwa unacheza kidogo, na skani haikuonyesha ugonjwa kwenye tezi. Miaka miwili baadaye bado yuko hivyo. Sauti ni ya mkwaruzo lakini ni yake. Mdomo ni mkavu na hatembei bila chupa ya maji. Tezi ya shingo inayodhibiti kasi ya mwili imelegea, jambo la kawaida baada ya mionzi ya shingo, na anameza kidonge kila siku.

Uchambuzi

Kupona kwake hakuthibitishi kwamba siku kumi hazikudhuru. Mgonjwa mmoja hathibitishi jambo kama hilo. Makadirio yanayotumika kwa saratani ya zoloto ni kwamba kila siku ya ziada katika muda wote wa matibabu hupunguza nafasi ya kudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hadi 2 hivi. Kwa hesabu ya ubaoni, uwezekano wa kubaki seli hai mwishoni unapanda kutoka 3 kati ya 100 hadi 16 iwapo siku kumi hazifidiwi, na unashuka hadi 6 zikifidiwa zibaki nne. Kazi ya wiki zile mbili za Jumamosi na Jumatano ilikuwa tofauti hiyo kati ya 16 na 6.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kukataa kungoja mpango mpya. Tungengoja, tungekuwa tumeingia katika kosa lilelile la Mzee kwa sababu nzuri zaidi. Lakini uamuzi ule ulisimama juu ya hesabu ya mtaalamu wa fizikia iliyofanywa asubuhi ileile. Bila hesabu hiyo ungekuwa uzembe.

Kilichoshindwa kwanza ni neno. "Kuchomwa" ni neno tunalolitumia wote: wagonjwa, ndugu zao, wahudumu, hata madaktari. Sindano nayo huchomwa, na pengine ndiko neno lilikotoka. Lakini kwa mtu ambaye ngozi yake inageuka nyeusi na kubanduka, linabaki na maana moja tu, na maana hiyo inabeba amri ndani yake: kilichoungua kiachwe kipone. Hatukumpa elimu ndogo. Tulimpa elimu yenye nguvu iliyoelekea upande usio wake. Siku hizi nasema mionzi inakata, wala haichomi, na nasema mapema kwamba wiki ya nne na ya tano ndizo atakapotamani kusimama, na ndizo asizoweza kusimama.

Cha pili ni simu. Siku tano za kazi zilipita kabla taarifa haijanifikia, na katika hizo watu watatu tofauti waliandika au kuona "hakufika". Kila mmoja alifanya sehemu yake, na hakuna sehemu iliyosema nani amtafute. Sasa mgonjwa wa kundi hili asipofika hadi saa sita mchana, muuguzi anapiga simu siku hiyohiyo, kuna namba mbili kwenye fomu, na mojawapo ni ya mtu anayelala nyumba moja naye. Akikosekana, daktari anaambiwa kabla mashine haijazimwa.

Cha tatu ni lishe. Mpira wa kulishia ulihitajika wiki ya tatu, alipokuwa ameshapoteza kilo nne. Niliuahirisha kwa sababu yeye mwenyewe hakuutaka na mimi sikutaka kumlazimisha mtu mzima. Nadhani ningemweleza kwamba uzito ndio unaoishikilia barakoa, na barakoa ndiyo inayoshikilia mwale mahali pake, angekubali. Kupungua kwake kulitugharimu figo, na figo zikatugharimu dozi za mwisho za sisplatini. Hasara hiyo hatukuweza kuifidia.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na mwenzangu hatukubaliani mpaka leo. Yeye anaona kwamba kwa zile siku nne zilizosalia tulipaswa kuongeza dozi ya 36, maana siku nne kwa grei 0.6 ni zaidi ya grei 2. Hesabu yake ni sahihi. Mimi nilikataa kwa sababu gegedu za zoloto zilikuwa zimeshapokea dozi saba kwa wiki mara mbili mfululizo, na zoloto iliyopona saratani lakini ikaoza gegedu huishia kuondolewa vilevile. Kila Mzee anapokuja kliniki, mwenzangu huomba kuiona picha ya kamera yeye mwenyewe, na huiangalia kwa muda mrefu kuliko mimi.